Ukumbi ulioondoka kwenye noti

Aprili 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga dirisha la kubadilishia noti za zamani. Miongoni mwa zilizokufa siku hiyo ilikuwamo noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010: mbele Mzee Karume, nyuma jengo jeupe la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Ukumbi wa Nkrumah. Sarafu iliyoanza kutumika 2014 imembakiza Mzee Karume, ila ukumbi haumo. Mahali pake kasimama nyati.

Sikumsikia aliyelalamika. Hela ya chai na andazi nani atahangaika kuipindua aangalie mgongo? Lakini mwezi huohuo, Aprili, ndio aliozaliwa Mwalimu Nyerere, na ndio ambao chuo kilijiwekea wiki ya kuwaalika wazungumzaji wakubwa chini ya paa lilelile. Ukumbi umetoka mfukoni mwetu katika msimu wake wenyewe.

Historia ya chuo tunaijua. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kikapanda Mlimani, na 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Hayo yamo katika kila kipeperushi. Habari ya watu waliokuja kusema, na nani aliyewaita, imeandikwa mara chache, na anayeisimulia vizuri kuliko wote ni Profesa Karim Hirji katika kitabu cha kumbukumbu za Cheche, jarida la wanafunzi wa chuo hicho, alichokihariri, kilichotoka mwaka 2010 kwa wachapaji Mkuki na Nyota. Makala hii imeegemea humo, basi msomaji asishangae nikiwa upande wa wanafunzi.

Maana waliowaita wageni walikuwa wanafunzi. Mwaka 1967 waliunda umoja wao wa kimapinduzi uliojulikana kwa herufi zake, USARF, mwenyekiti akiwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Mwaka mmoja nyuma wenzao walikuwa wameandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya 300. USARF walitaka mwanafunzi wa namna nyingine. Jumapili asubuhi, wengine wakiwa kanisani, wao walikuwa na darasa la itikadi. Kusoma peke yake hakukuwatosha, wakaanza kualika.

Alikuja Stokely Carmichael, mpigania haki wa Marekani, aliyewasema wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika waliokuwa wakiishi Dar hadi wenyewe wakakasirika. Alikuja C.L.R. James wa Trinidad, mwanahistoria aliyeandika juu ya mapinduzi ya watumwa wa Haiti na pia juu ya kriketi. Alikuja Cheddi Jagan, daktari wa meno aliyepata kuongoza serikali ya Guyana. Siku hizi tungewaita watu wa fani mbalimbali na kuwapigia makofi ya adabu. Wakati ule mgeni alijua kwamba akimaliza kusema atabanwa.

Kisa kinachostahili kusimuliwa taratibu ni cha Desemba 1969. Vijana wa Afrika Mashariki na Kati walikutana Mlimani kwa semina, na mmoja wa wazungumzaji alikuwa Walter Rodney, Mguyana aliyekuwa akifundisha historia hapo. Mwaka uliotangulia Jamaica ilimzuia asirudi kazini kwake Kingston, na Tanzania ikampokea. Mada yake ilihusu itikadi ya mapinduzi ya Afrika. Hakuzungukazunguka: serikali nyingi zilizojiita huru, alisema, zimewaachia wakoloni utajiri na kuwaachia wananchi bendera, na njia ya kuziondoa ni mapambano.

The Nationalist, gazeti la TANU, liliichapa mada yake. Kisha, siku chache tu baadaye, gazeti hilohilo likamgeukia kwa tahariri ambayo kichwa chake kwa Kiswahili chetu kingekuwa Porojo za Kimapinduzi. Ujumbe ulikuwa mkali. Tanzania inawasaidia wapigania uhuru, lakini haitakuwa jukwaa la mgeni kuhubiri kuangushwa kwa serikali za majirani. Mhariri wa gazeti wakati huo alikuwa Benjamin Mkapa, ingawa wengi Mlimani waliamini kalamu ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe. Rodney alijibu kwa barua gazetini.

Sasa angalia kilichofuata. Mgeni amegombezwa na gazeti la chama tawala, labda na Rais, na Jumatatu anarudi darasani. Hakufukuzwa. Aliendelea kufundisha Dar hadi 1974, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972 kwa ushirikiano wa wachapaji wa London na wa papa hapa Dar. Ugomvi ule ulimhesabu Rodney kuwa mtu anayestahili kujibiwa. Nimehudhuria mihadhara mingi ya vyuo, siutaji mmoja, ambako mgeni husimulia alivyofanikiwa, mwongozaji husoma maswali mawili yaliyochujwa, kisha tunapanga mstari kupiga picha. Hakuna anayeandikiwa tahariri.

Nisiipake rangi nzuri mno enzi ile. Wanafunzi hawakuvumiliwa kama Mguyana wao. Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu, makala ndefu ya kijana wa sheria, Issa Shivji, kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya Tanzania. Novemba jarida likapigwa marufuku pamoja na USARF. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba jina limeigwa kwa Warusi. Kweli gazeti la Lenin liliitwa kwa maana hiyohiyo, lakini cheche ni neno la bibi yangu jikoni, na hakuwahi kumsikia Lenin.

Miaka mingi ikapita ya migomo, chuo kufungwa na bajeti kukatwa. Mwaka 2008 kikaanzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika, na aliyekikalia kwanza ni Profesa Shivji, yuleyule. Aprili 2009 alimleta mwandishi Wole Soyinka. Wakafuata mchumi Samir Amin, mshairi Micere Mugo, na mwanasheria Bereket Habte Selassie aliyeongoza kazi ya kuandika katiba ya Eritrea. Kigoda kilitoa jarida, likaitwa Chemchemi. Kutoka cheche hadi chemchemi: sijui kama jina lilichaguliwa kwa utani, lakini hakuna aliyelipiga marufuku. Baadaye Kigoda kilimwendea Profesa Penina Mlama, mtu wa tamthilia.

Noti moja ya 2010 imebaki kwangu, alama ya ukurasa katika kitabu cha Hirji. Juzi niliitoa kwa kusahau nikampa muuza chapati. Aliigeuza, akaangalia ule ukumbi mweupe, akanirudishia akaomba ya nyati.