Sataranji: Ufunguzi wa mchezo haufai kukaririwa tu

WACHEZAJI wengi wa sataranji walioanza kupiga hatua hukumbwa na tatizo moja. Hukariri hatua kumi au hata 15 za ufunguzi kutoka kitabuni, kisha hupotea njia pindi mpinzani anapofanya jambo ambalo kitabu hakikulitaja.

Ufunguzi ni zile hatua za kwanza ambapo kete hutolewa mahali zilipopangwa na kuwekwa tayari kwa mapambano. Mwenye kete nyeupe huanza akiwa na hatua 20 za kuchagua: 16 za vitunda na nne za farasi. Mweusi naye ana 20. Hivyo, kila mmoja akishacheza mara moja tu, ubao waweza kuwa na sura 400. Hakuna awezaye kukariri yote yafuatayo, lakini yawezekana kujua kila hatua inatafuta nini.

Kwanza hutafutwa udhibiti wa katikati, yaani miraba ya e4, d4, e5 na d5. Farasi aliyesimama hapo hulenga miraba minane, ilhali aliye kwenye kona hulenga miwili tu. Pili, kete zitoke upesi. Tatu, mfalme apate maficho.

Ufunguzi wa Kiitaliano waonyesha hayo vyema. Mweupe husogeza kitunda hadi e4, na mweusi hujibu kwa e5. Farasi mweupe huruka hadi f3 ili kukitishia kitunda hicho cha e5, naye mweusi hukilinda kwa farasi wa c6. Ndipo askofu mweupe hutua c4 akiukodolea macho mraba wa f7, ambao mwanzoni hulindwa na mfalme mweusi peke yake. Sasa mfalme mweupe yu tayari kuhamia pembeni na ngome yake kuingia mchezoni, yote kwa zamu moja.

Ikiwa hapo mweusi atasogeza kitunda hadi h6, aliyekariri hukwama. Aliyeelewa ataona kwamba mpinzani ametumia zamu nzima bila kutoa kete yoyote, hivyo atapeleka kitunda d4 mara moja na kuifungua katikati kabla mwenzake hajajipanga.

Wapo wanaopenda njia ya mkato: baada ya e4 na e5, malkia mweupe hukimbilia h5, kisha askofu huenda c4, kwa tamaa ya kumfunga mfalme pale f7. Mbinu hiyo huwanasa wageni pekee. Mweusi hutoa farasi c6, husogeza kitunda hadi g6, na malkia akirudi f3 kutishia tena, farasi wa pili hutoka f6. Mweusi ana farasi wawili uwanjani, naye malkia mweupe amekalia mraba uliomfaa farasi wake mwenyewe.

Kwa mweusi, ulinzi wa Kisisilia hujibu e4 kwa c5. Kitunda cha pembeni hutolewa ili kibadilishwe na kitunda cha katikati cha mweupe, na mstari wa c huwafungukia ngome weusi. Ulinzi wa Kifaransa, wa e6 kisha d5, ni imara, ila askofu wa c8 hubaki amefungiwa nyuma ya vitunda vyake. Anayeuchagua sharti ajue mapema atamkomboaje.

Bobby Fischer wa Marekani, bingwa wa dunia wa 1972, alichoshwa na ukariri huu kiasi kwamba mwaka 1996 alitangaza sataranji ambayo kete za nyuma hupangwa kwa bahati, kukiwa na mianzo 960.

Anayeendelea kujifunza hahitaji kufika huko. Ufunguzi mmoja wa kete nyeupe na miwili ya nyeusi, mmoja dhidi ya e4 na mwingine dhidi ya d4, watosha kwa muda mrefu. Kila mchezo ukiisha, atafute hatua ya kwanza iliyotofautiana na aliyoyajua, ajiulize ilitaka nini, na ni jibu gani lingeizuia.