Kuliandaa gari la mtaani kwa mbio za otokrosi: Matairi na breki kwanza, injini baadaye

KIJANA anayefanikiwa kununua gari la michezo lililotumika nchini Japani, likavushwa bahari na kusajiliwa Unguja, mara nyingi huanza kulitengeneza kwa kuifikiria injini. Huulizia bomba jipya la moshi, kichujio kikubwa cha hewa na vifaa vya kuongeza nguvu, huku matairi yakiwa yameanza kuota vipara na mafuta ya breki yakiwa hayajabadilishwa tangu gari liingie nchini.

Mpangilio huo umekaa kinyume. Katika otokrosi, ambayo ni mlango wa kawaida wa kuingilia mchezo wa magari kwa watu wasiokuwa na fedha nyingi, ushindi hutokana zaidi na uwezo wa gari kushika ardhi, kukata kona na kusimama kwa wakati. Tena gari hilo linaloshindana Jumapili ndilo linalotarajiwa kuwapeleka watoto skuli Jumatatu. Kwa sababu hiyo kila badiliko linapaswa kupimwa mara mbili: kama litapunguza sekunde uwanjani, na kama litamrudisha mwenye gari nyumbani salama.

Mchezo wenyewe

Otokrosi ni mbio za muda katika njia fupi iliyopangwa kwenye uwanja wa wazi. Kwa kawaida dereva huzunguka njia hiyo kwa zamu, na mwenye muda mfupi zaidi ndiye mshindi.

Nchini Marekani mchezo huu huendeshwa juu ya lami au saruji, katika maegesho makubwa na viwanja vya ndege, na njia huchorwa kwa koni za plastiki. Chama cha mchezo wa magari cha nchi hiyo, SCCA, kimekuwa na mashindano ya taifa tangu mwaka 1973. Koni moja ikiangushwa dereva huongezewa sekunde 2, na akiruka lango mzunguko wake hauhesabiwi. Mzunguko mmoja huchukua takribani dakika moja, na sehemu kubwa huendeshwa kwa gia ya pili.

Barani Ulaya na Afrika Mashariki, otokrosi hufanyika zaidi juu ya udongo. Kenya ina mashindano ya taifa yaliyo chini ya Shirikisho la Mchezo wa Magari la nchi hiyo (KMSF), ambamo washindani hugawanywa kwa madaraja: magari yanayovutwa na magurudumu mawili bila tabo, yale ya magurudumu mawili yenye tabo, ya magurudumu manne yenye tabo, pamoja na madaraja ya watoto. Kwa upande wa Tanzania, ambako mchezo wa magari umejulikana zaidi kwa rali, chama kinachotambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) ni Chama cha Magari Tanzania (AAT).

Hivyo mkaazi wa Unguja anayetaka kushindana katika ukanda huu anapaswa kuliandaa gari lake kwa vumbi na mawe, na si kwa lami pekee.

Somo la Safari Rally

Historia ya mbio za magari Afrika Mashariki inathibitisha thamani ya maandalizi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, ni 7 tu yaliyomaliza. Mwaka 1968 hali ilijirudia: magari 93 yalianza na 7 yakamaliza. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Peugeot 404, gari la familia lililoonekana katika kila mji wa Afrika Mashariki. Gari la aina hiyo ndilo lililompa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, ushindi wa mwaka 1966 na 1967.

Miaka hiyo yalikuwapo magari yenye nguvu zaidi ya Peugeot 404, lakini mengi yaliishia njiani. Otokrosi ni fupi mno kulinganisha na Safari, lakini kanuni haibadiliki: gari lililofungwa vizuri hulishinda gari lenye kelele.

Gari la kuanzia

Magari ya Kijapani yanayofaa kwa mwanzo ni mengi. Toyota Altezza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005, huendeshwa na magurudumu ya nyuma na humfundisha dereva kutumia mafuta kwa kiasi, kwani akikanyaga kupita kiasi kwenye kona mkia hutoka. Toyota Celica ya miaka hiyo huvutwa na magurudumu ya mbele. Ni rahisi kuizoea, ingawa ikiingia konani kwa kasi pua huelekea nje. Subaru Impreza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1992, ina matoleo ya magurudumu manne yanayoshika vizuri kwenye udongo. Mazda MX-5, iliyotoka mwaka 1989, toleo lake la kwanza lilikuwa na uzito wa chini ya tani moja, na wepesi huo umeifanya ipendwe sana katika otokrosi ya lami. Kwenye mawe, hata hivyo, udogo wa nafasi iliyopo chini yake ni kikwazo.

Asiye na gari la michezo hana sababu ya kukata tamaa. Gari dogo la kawaida lenye uzima wa mwili na breki nzuri linatosha kwa mwaka wa kwanza.

Matairi

Gari zima huigusa ardhi kwa sehemu nne tu, kila moja ikikaribia ukubwa wa kiganja. Ndiyo maana fedha ya kwanza hutakiwa kwenda kwenye matairi.

Jambo la kuanzia ni umri wa tairi. Ubavuni mwake huwa na tarakimu nne zinazoonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319, kwa mfano, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mnunuzi wa matairi yaliyotumika anapaswa kusoma tarakimu hizo kabla ya kutazama kina cha meno, kwa kuwa mpira mkongwe hukakamaa na kupasuka hata kama meno yake bado ni marefu.

Namba nyingine ni ile inayofuata neno TREADWEAR, inayoonesha kasi ya kulika kwa tairi. Kwa kawaida namba ikiwa ndogo mpira huwa laini, hushika zaidi na huisha mapema. Madaraja ya magari ya mtaani ya SCCA huruhusu matairi yenye namba 200 au zaidi, ilhali mengi ya matumizi ya kila siku huwa na namba ya 400 au zaidi.

Kifaa chenye faida kubwa kuliko bei yake ni kipimo cha upepo. Juu ya lami, washindani huongeza paundi chache juu ya kiwango kilichoandikwa kwenye mlango wa gari ili tairi lisilale ubavu konani. Njia rahisi ya kupima ni kupaka chaki kwenye bega la tairi. Baada ya mzunguko mmoja, chaki ikiwa imefutika hadi ubavuni, upepo ni mdogo. Ikiwa haikuguswa kabisa, upepo umezidi.

Juu ya udongo, upepo wa kiasi hushika vizuri zaidi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mashariki na kusini mwa Unguja ni maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye ncha kali. Tairi lililopunguzwa upepo kupita kiasi hubanwa kati ya jiwe na ringi, likakatika. Ni salama zaidi kubaki karibu na kiwango cha kiwanda.

Breki

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na hewa ya visiwani haina upungufu wa unyevu. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwa nyuzi joto zisizopungua 205 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na unyevu kiwango cha chini hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Mafuta yanapochemka huzaa mapovu ya mvuke, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama.

Kwa hiyo kumwaga mafuta ya zamani na kuweka mapya, angalau mara moja kwa mwaka, ni kazi ya lazima kwa anayeshindana. Pedi zikaguliwe unene, diski zisiwe na nyufa, na mipira ya kupitishia mafuta isiwe imevimba. Pedi za mbio halisi hazifai kwa gari la mtaani kwa kuwa huhitaji joto kubwa ndipo zikamate, na dereva anayetoka Shangani asubuhi kwenda kazini hana joto hilo.

Springi, shokapu na usukani

Kabla ya kununua shokapu mpya, fundi anapaswa kukagua bushi, boli jointi na ncha za tairodi. Gari lenye bushi zilizokwisha haliwezi kunyooka hata likipimwa kwenye mashine bora. Vikishakuwa vizima, ndipo gari lipelekwe kupimwa alaimenti.

Kulaza magurudumu ya mbele kidogo kwa ndani juu husaidia kona, na kuyafungua kidogo kwa mbele huharakisha gari kugeuka. Lakini mabadiliko hayo yakizidi, matairi hulika upande mmoja katika safari za kila siku kati ya mjini na Paje au Nungwi. Mwenye gari moja afadhali abaki ndani ya vipimo vya kiwanda, kwenye ukingo unaomfaa.

Kushusha gari, jambo linalopendwa na vijana kwa sura yake, ni kosa kwa otokrosi ya udongo. Mawe hupiga chombo cha oili, na injini ikipoteza oili huungua kwa muda mfupi. Kinachohitajika ni kinyume chake: kimo cha kawaida, shokapu nzima na bamba la chuma chini ya injini.

Injini

Kazi ya injini ni kuwa nzima. Oili iwe mpya na ya kiwango kamili, mikanda isiwe na nyufa, rejeta isivuje na feni ifanye kazi. Kichujio cha hewa kisafishwe au kibadilishwe baada ya kila mashindano, kwa sababu vumbi la mawe ya chokaa ni laini kama unga na husaga silinda. Petroli isijazwe hadi juu, kwani ni uzito. Vilevile isiachwe ikawa kidogo mno, kwani kwenye kona ndefu pampu inaweza kuvuta hewa.

Usalama na siku ya mashindano

Kofia ngumu na mkanda mzima havina mbadala. Betri ifungwe kwa chuma chake, wala isikae kwa kamba. Kila kisichofungwa kitolewe: jeki, spea, chupa za maji, spika na mazulia ya miguuni, ambayo huweza kuteleza chini ya pedali. Nati za magurudumu zikazwe kabla ya kuanza na zikaguliwe tena baada ya mzunguko wa kwanza. Mtungi wa kuzimia moto uwe mahali dereva anapoufikia akiwa amefunga mkanda.

Kabla ya kupanda gari, dereva huitembea njia kwa miguu, akihesabu kona na kuchagua mahali pa kushika breki. Mzunguko wa kwanza ni wa kujifunza. Anayebadilisha upepo, shokapu na mstari wake wa kupita kwa wakati mmoja hatajua kipi kilichomsaidia.

Baada ya mbio

Adui wa gari la Unguja ni chumvi. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umezungukwa na bahari kwa upande wa magharibi, na gari linalolala Forodhani au Malindi hupigwa na upepo wa chumvi usiku kucha. Vumbi la uwanjani likichanganyika na chumvi hiyo chini ya gari hushika unyevu na kuharakisha kutu. Gari lioshwe kwa maji matamu, hasa chini, siku hiyo hiyo. Kisha ukaguzi wa matairi, breki na nati urudiwe kabla ya abiria yeyote kupanda.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Gari lililoandaliwa vizuri humpa dereva ujasiri, na ujasiri huo una mahali pake. Njia nyingi za Mji Mkongwe ni za waenda kwa miguu. Barabara za kwenda mashamba hupita katikati ya vijiji, ambako watoto hurudi kutoka skuli na chuoni, baiskeli hubeba majani, na ng'ombe huvuka wapendapo. Huko hakuna koni, na anayegongwa haongezi sekunde 2 tu. Mashindano yafanyike kwenye uwanja uliofungwa, kwa kibali cha mamlaka, penye wasimamizi na gari la wagonjwa. Asiyeupata uwanja huo Unguja, ni heri alivushe gari lake kwa meli, afuate taratibu za forodha, akashindane Bara au Kenya, kuliko kuigeuza barabara ya kijiji kuwa uwanja wake.