Uzamiaji chini ya barafu

Uzamiaji chini ya barafu ni upigaji mbizi wa kutumia mitungi ya hewa katika ziwa, mto au bahari iliyoganda usoni, ambamo mpiga mbizi kwa kawaida hana mahali pa kutokea isipokuwa tundu aliloingilia. Hufanywa na watafiti, vikosi vya uokoaji na wapenzi wa michezo, na mojawapo ya vituo vyake mashuhuri ni Ziwa Baikal huko Siberia, nchini Urusi, ambalo barafu yake hudumu takriban kuanzia Januari hadi Mei, na ambalo maji yake maangavu huonyesha sifongo hai za kijani zenye matawi, zilizoota juu ya miamba. Maji matamu huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, hivyo yaliyopoa kupita hapo hubaki juu na kuganda, nayo ya chini yasigande.

Tundu hukatwa kwa msumeno wa mnyororo, mara nyingi katika umbo la pembetatu, kwa kuwa pembe humpa mpiga mbizi kingo mbili za kuegemeza mikono anapojiinua. Theluji ya kando huondolewa kwa mistari inayotawanyika kutoka tunduni, ili mwanga upenye na kumwelekeza aliye chini.

Kazi nzito kuliko zote, ingawa haina sifa, ni ya mshika kamba. Huyu husimama ukingoni akitoa na kurudisha kamba iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani wa mpiga mbizi, asiiache ilegee, huku akipokea kwa mkono ishara za mivuto zilizoafikiwa kabla. Karibu naye hukaa mpiga mbizi wa akiba, aliyekwisha kuvaa, mwenye kamba ndefu zaidi. Aliyepoteza kamba yake hatakiwi kuhangaika kutafuta tundu, bali hupanda hadi kugusa barafu na kutulia hapo. Wa akiba naye huenda mbali kupita mahali anapodhaniwa kuwa, kisha huzunguka, kamba yake iliyokazwa ikipita chini ya barafu mpaka imfikie.

Hatari nyingine ni kuganda kwa regulata, yaani kifaa kinachopunguza mgandamizo wa hewa ya mtungi ili iweze kuvutwa. Hewa inapotanuka hupoa sana, unyevu ukawa barafu na kuzuia vali isifunge, hewa ikamwagika mfululizo. Kwa hiyo hubebwa regulata mbili zinazojitegemea, wala hazipumuliwi juu ya maji penye baridi kali.

Kamba haitumiki kila mahali. Katika mlangobahari wa McMurdo, Antaktiki, ambako mtu huweza kuona zaidi ya mita 100, watafiti wa Marekani mara nyingi huogelea bila kufungwa, wakiongozwa na kamba moja yenye uzito, bendera na taa inayoning'inizwa tunduni. Utaratibu huo ni hatari kuigwa katika maziwa yenye tope. Kazi ikiisha, tundu huwekewa alama, kwani barafu mpya hulifunika kabla haijaweza kumbeba mtu.