Mto Bubu na Maji Yasiyofika Baharini

Mto Bubu hukusanya maji yake katika nyanda za juu za Kondoa, hupita Farkwa wilayani Chemba, na kuishia kwenye mbuga ya Bahi, chini ya ukingo mkali wa Kilimatinde. Bahi haina pa kutolea maji. Yanayoingia wakati wa mvua hutandaa bondeni, hustawisha mpunga, kisha jua huyakausha na kuacha chumvi ardhini.

Ukingo huo ni sehemu ya Bonde la Ufa, jina lililoenea baada ya mwanajiolojia Mwingereza John Walter Gregory kuzuru Kenya mwaka 1893 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1896. Kilimatinde nayo, ijapokuwa ni mji mdogo, imewaachia wanajiolojia jina lake: mwamba mgumu wa chokaa na silika unaopatikana Manyoni na Bahi wanauita sementi ya Kilimatinde.

Kusini mambo ni tofauti. Mto Kizigo, ambao ramani nyingine huuandika Kisigo, hutiririka hadi Mtera na kuungana na Ruaha Mkuu, na maji yake hufika Bahari ya Hindi kupitia Rufiji. Kwa hiyo mvua ya wilaya moja ya Manyoni hugawanyika: nyingine huenda baharini, nyingine hubaki bara.

Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 hawakuhangaika na mgawanyiko huo. Walichohesabu ni mwendo kati ya kisima na kisima. Wakishalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Ugogo, waliingia nyika ya magharibi waliyoiita Mgunda Mkali, na kuivuka mbiombio kabla vibuyu havijakauka. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliipita mwaka 1857 wakielekea Tabora, na jina hilo wakalikuta tayari.

Wajerumani walijenga boma Kilimatinde, juu ya ukingo, lakini reli iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912 ilipandia kwa Kintinku na Saranda hadi Manyoni. Biashara ikaifuata, na makao ya wilaya leo yako Manyoni.

Serikali huuweka Mto Bubu katika Bonde la Kati, ambalo bodi yake ya maji iko Singida. Bwawa linalokusudiwa kujengwa Farkwa ili kuipatia Dodoma maji litazuia sehemu ya mto huo kabla haujafika Bahi.