Satchmo na Tarumbeta ya Askari

Kwenye stesheni ya Konza, reli ya Magadi huachana na njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, vijana wengi wa Ukambani walipita hapa kwa gari moshi, wakienda kupanda meli za Burma. Walikuwa Keya, askari wa King's African Rifles. Kambini tarumbeta ilikuwa na kazi moja: amri. Ikilia alfajiri, amka. Ikilia usiku, zima taa. Ile mbiu ya mgambo ya wahenga ilikuwa imevaa sare.

Mpiga tarumbeta mashuhuri kuliko wote wa jazz naye alianzia kwenye tarumbeta hiyo ya amri. Louis Armstrong, aliyepewa jina la utani Satchmo, alizaliwa New Orleans, Marekani, tarehe 4 Agosti 1901, katika mtaa wa kimaskini. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani akisherehekea, akakamatwa na kupelekwa kwenye makao ya kurekebishia watoto weusi. Huko mwalimu wa muziki, Peter Davis, alimpa tari, kisha ngoma, kisha ile tarumbeta fupi ya kijeshi isiyo na vibonyezo. Ikawa kazi ya mtoto huyo wa miaka 11 kuwaita wenzake kuamka na kula.

Mwaka 1922 mwanamuziki mwenzake, King Oliver, alimwita Chicago. Miaka mitatu baadaye Armstrong alianza kurekodi na kundi lake, Hot Five, na jazz ikabadilika: mpigaji mmoja sasa angeweza kusimama mbele na kusimulia habari zake mwenyewe. Watu walimpenda kwa tabasamu lake, lakini mwaka 1957 watoto weusi walipozuiwa kuingia shule ya Wazungu katika mji wa Little Rock, Marekani, aliishutumu serikali yake hadharani na kukataa kutumwa nayo Urusi.

Mwaka 1960 alikuja kwetu Afrika, katika ziara iliyofadhiliwa na Pepsi na serikali ya Marekani. Léopoldville, leo Kinshasa, alibebwa juujuu kwenye kiti, ngoma zikirindima. Akapiga Elisabethville, leo Lubumbashi, karibu na mahali kiongozi wa Kongo Patrice Lumumba alipouawa Januari iliyofuata. Akafika pia Nairobi. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa Kenya mwaka huohuo, na bendera ilikuwa bado ya Mwingereza. Katika nchi hiyo, mtu mweusi kupuliza tarumbeta isiyomwamrisha mtu lilikuwa jambo kubwa.

Neno jazz lilikuwa limemtangulia. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz tangu 1944. Kwetu neno hilo lilimaanisha muziki wa dansi, na baadaye gitaa likashika usukani, kama lilivyofanya Ukambani mikononi mwa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers.

Armstrong alifariki tarehe 6 Julai 1971. Anayetaka kumjua na asikilize mwanzo wa "West End Blues", wa mwaka 1928. Tarumbeta inalia peke yake, kali, kama ya kuamsha kambi. Inapanda mpaka juu, inalegea, inateremka kwa madaha kama mtu anayejisemea. Ndipo wenzake wanapoingia, taratibu, bila kuamrishwa.