kihisi (pia: sensa)

kihisi *nm* [ki-/vi-] kifaa kinachotambua mabadiliko, kama vile ya joto au mwendo, na kuyageuza kuwa ishara ya umeme. Kutokana na *-hisi*.

Katika gereji za Arusha husikika zaidi *sensa* [i-/zi-], neno ambalo kwa wasomaji wengi ni hesabu ya watu, kama ile ya Agosti 2022. Kwa maandishi rasmi *kihisi* ni bora.

*Kihisi cha kamshafti* huiarifu kompyuta ya injini mahali kamshafti ilipofikia katika mzunguko wake, ili mafuta yanyunyizwe kwa wakati. Hapa mfasiri awe mwangalifu. Msimbo P0340 hutaja hitilafu ya saketi ya kihisi. Hausemi kwamba kihisi chenyewe kimekufa. Waya uliokatika au soketi iliyolegea huleta msimbo uleule. Ukifasiri "kihisi kibovu", fundi atanunua kipuri kipya na injini itaendelea kuzimika. Afadhali: *Pima nyaya na soketi kabla ya kubadili kihisi.*

(Injini ya dizeli ya 1HZ, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za watalii, haina kihisi hiki: pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika.)