Waliofika Masasi Bila Ukoo

Sura ya pili ya kitabu cha Ezra wasomaji wengi wa zamu huiogopa, nasi hatuwalaumu, maana ni majina matupu. Ni orodha ya waliorudi Yerusalemu kutoka uhamishoni, ukoo kwa ukoo, kila ukoo na hesabu ya watu wake. Karibu na mwisho wametajwa watu waliorudi pamoja na wenzao lakini hawakuweza kuonyesha walitoka katika ukoo gani. Wengine wao walisema ni wana wa makuhani. Vitabu vya nasaba vikatafutwa, majina hayakuonekana, wakaondolewa katika ukuhani.

Tuliisoma sura hiyo Lulindi, tukiwa na washarika wachache. Pande hizi, tangu Masasi hadi Newala, ni shamba la zamani la ndugu zetu Waanglikana. Sisi Walutheri tumekuja juzi tu, tena wengi wetu kwa uhamisho wa kazi. Siku hiyo alikuwapo bibi mmoja Mwanglikana, aliyemsindikiza mjukuu wake. Baada ya ibada alitungoja chini ya mkorosho. Akasema, "Baba Mchungaji, wale wa mwisho mliosoma, ndio sisi." Kisha akaaga.

Tulipomtembelea nyumbani wiki hiyo ndipo alipoeleza. Babu wa mama yake alikuwa miongoni mwa watu wa misheni wa mwanzo, yaani waliokombolewa utumwani. Mama yake alimkataza kulisema neno hilo mbele ya watu, naye akalinyamazia miaka yote.

Ili tuelewe aibu hiyo imetoka wapi, yatupasa kurudi mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo ndiyo mama wa Anglikana huku Kusini, ilikuwa imepokea watoto na watu wazima walioteremshwa kutoka majahazini, ikawaweka Kiungani na Mbweni. Wengi walikuwa wametoka bara: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua baadhi yao, wanaume kwa wanawake, zaidi ya hamsini, akavuka nao hadi Lindi, wakapanda bara kwa miguu. Nia ilikuwa kuwarudisha kwao, upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika kwenye milima ya mawe ya Masasi, penye maji na ardhi nzuri, wakaona heri wakae hapo. Wakakata miti, wakajenga nyumba, wakalima.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza, na tunadhani waandishi wengi wa habari za misheni wamelipita haraka mno. Wenyeji wa pande hizi huhesabu ukoo kwa mama. Mmakua ana nihimo lake, Mmakonde ana litawa lake, Myao vivyo hivyo, na mtoto hulipata kwa mama yake. Bila hilo hujui umwoe nani na umwepuke nani, wala mjomba wa kukusemea hana. Sasa mwanamume wa misheni akioa binti wa mwenyeji, watoto wake wana ukoo, hata kama yeye mwenyewe hana. Lakini mwanamke aliyekamatwa akiwa na miaka minne au mitano, asiyekumbuka hata jina la mama yake, atawapa watoto wake ukoo gani? Alikuwa huru mbele ya sheria, ana jina jipya la ubatizo, na bado majirani waliweza kumuuliza swali moja akakosa jibu.

Tena majirani wenyewe hawakuwa wote watu wasio na hatia. Misafara ya watumwa kwenda Kilwa na Lindi ilipita katika nchi hizi, na baadhi ya wakubwa wa Wayao na Wamakua walifaidika nayo. Leo wajukuu wa waliouza na wa waliouzwa wanakaa benchi moja kanisani. Wanaoana. Ni vizuri, ila wanaotakiwa kunyamaza ni wa upande mmoja tu.

Kijiji cha Masasi hakikukaa kwa amani muda mrefu. Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, walikivamia, wakachoma na kuchukua mateka. Fikirini mtu aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akakombolewa, akabatizwa, kisha anakamatwa mara ya pili! Mmisionari Porter aliwafuata Wangoni hadi kwao kuwakomboa. Kazi ya misheni ikahamia Newala, juu ya uwanda, kwa Matola, mkubwa wa Kiyao aliyewapokea watu wa kila kabila. Hata Masasi iliporudi kusimama, vita vya Maji Maji vya 1905 viliichoma tena.

Katika habari hizi yumo mtu mmoja ambaye bibi yetu alimtaja kabla hatujamtaja sisi: Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa Unguja, akaokolewa na kulelewa na misheni. Alisoma Kiungani, kisha Canterbury huko Uingereza. Mwaka 1886 akawa shemasi na kutumwa Chitangali, karibu na Newala, kwa mkubwa aliyeitwa Nakaam. Mwaka 1890 Askofu Smythies akamweka kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hiyo. Watu wa Ezra waliondolewa katika ukuhani kwa kukosa nasaba. Majaliwa, mtoto wa sokoni, aliuingia bila hata mmoja kumwomba orodha ya baba zake.

Sisi katika Kipaimara huwafundisha vijana kwamba katika ubatizo Mungu anamwita mtu kwa jina na kumfanya mtoto wake. Tumelifundisha jambo hilo miaka mingi, tukiwafundisha vijana wanaowajua babu zao hadi kizazi cha tano. Tunakiri kwamba tulilisema kwa wepesi. Hatukuwahi kumfikiria mtu ambaye ubatizo ndio ukurasa wa kwanza wa habari zake, na nyuma yake hakuna kitu.

Mara ya mwisho tulipofika kwa bibi, mjukuu alikuwa amenunua daftari la kuandika ukoo. Kwa upande wa baba walijaza kurasa mbili. Kwa upande wa mama waliandika jina la bibi, la mama yake, la babu wa misheni, na chini yake wakaandika "Masasi, 1876". Mjukuu alitaka kuongeza jina la mama wa babu huyo, walau la kubahatisha, ili mstari usibaki mtupu. Bibi akaikamata ile kalamu. Akasema yule mama alikuwa na jina lake, na Mungu analijua, kwa hiyo asipewe lingine. Ule mstari wameuacha wazi, na bibi ametuomba daftari tulisome mbele ya watu siku ya kumzika, toka jina la kwanza hadi la mwisho, na tukifika pale tutulie kidogo.